Kupenya Bila Tundu: Uhakiki wa Kiswahili cha Fizikia ya Nano na Kwanta kwa Mifano kutoka Bukoba na Muleba

Ikisiri

Makala haya yanahakiki namna Kiswahili kinavyotumika kueleza fizikia ya vitu vya kipimo cha nano na vifaa vya kwanta. Mifano mikuu imetokana na mazungumzo ya darasani yaliyosikika Bukoba na Muleba, mkoani Kagera. Hoja yake ni kwamba mjadala wa istilahi umeelemea mno kwenye nomino, ilhali upotoshaji mkubwa zaidi hutokea kwenye kitenzi na viambishi vya njeo. Tukio linalochunguzwa kwa kina ni lile la elektroni kuwa ng'ambo ya kizuizi ambacho haina nishati ya kukivuka.

1.0 Utangulizi

Sisi wanaisimu wa Kiswahili tuna deni kwa Wahaya. Neno ngeli, ambalo mhadhara wa sarufi hauwezi kufika mbali bila kulitaja, limetoka katika Kihaya, ambako lina maana ya aina au namna. Liliingia kwa mlango halali: miongozo ya uundaji wa istilahi inatutaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, ndipo twende mbali zaidi. Katika fizikia, hasa ile inayoshughulikia vitu vidogo kupita kiasi, karibu kila kitu kimeingia kwa mlango wa mwisho: atomi, elektroni, protoni, kwanta, nano. Malalamiko juu ya hali hiyo ni mengi na sina nia ya kuyaongeza. Elektroni ni neno la Kiswahili kama yalivyo meza na karatasi. Jambo linalonishughulisha liko kwingine, na nililigundua kwa bahati.

Nilikuwa Kagera kusimamia wanafunzi wetu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Ratiba za usimamizi haziangalii sana taaluma ya msimamizi, kwa hiyo mtu wa isimu alijikuta ameketi nyuma ya darasa la fizikia la kidato cha sita mjini Bukoba. Mada ilikuwa nusukipitishi na diodi. Lugha rasmi ya somo, kama ilivyo katika sekondari zetu, ilikuwa Kiingereza. Lugha ya kuelewana ilikuwa Kiswahili. Na minong'ono ya madawati ya nyuma, ambayo niliifuata bila shida, ilikuwa Kihaya. Mwanafunzi mmoja aliuliza kadi ya kumbukumbu ya simu inatunzaje picha wakati haina betri. Mwalimu aliacha ubao, akaacha na Kiingereza, akaeleza kwamba ndani ya kadi elektroni zimefungiwa nyuma ya ukuta mwembamba sana, na zinapotakiwa kuingia au kutoka, hupenya. Mwanafunzi akauliza tena: "Sasa mwalimu, ukuta si utabaki na tundu?"

Darasa lilicheka. Mwalimu alitabasamu, akasema hilo liko nje ya mtaala. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimesikia uchambuzi wa kisemantiki wa kitenzi kupenya uliofanywa kwa sentensi moja. Siku tatu baadaye, katika shule moja upande wa Muleba, mwalimu mwingine alieleza mionzi ya alfa kwa kusema kwamba chembe "anatoboa" kiini cha atomi na kutoka. Huko hakuna aliyeuliza, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi.

2.0 Ukuta, handaki na sauti

Tuanze na tukio lenyewe. Fizikia ya kale inasema kitu kisicho na nishati ya kutosha kuvuka kizuizi hurudi kilikotoka, kama mpira uliorushwa chini ya kimo cha ukuta. Fizikia ya kwanta inasema elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi hilo halikomi ghafla kwenye uso wa kizuizi. Huendelea ndani yake huku likififia upesi. Kizuizi kikiwa na unene wa nanomita chache tu (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), hubaki uwezekano, mdogo lakini si sifuri, wa elektroni kuwa upande wa pili. Mwaka 1928 George Gamow, na kwa upande wao Ronald Gurney na Edward Condon, walilitumia wazo hili kueleza mionzi ya alfa, ileile ya darasa la Muleba. Leo Esaki alilionyesha katika diodi mwaka 1957. Mwaka 1981 Gerd Binnig na Heinrich Rohrer, katika maabara ya IBM karibu na Zürich, waliunda hadubini ambayo sindano yake haigusi kitu inachokichunguza: umbali kati ya ncha na kitu ukiongezeka kwa sehemu moja ya kumi ya nanomita, mkondo wa umeme unashuka hadi takriban sehemu moja ya kumi ya ulivyokuwa. Kwa sababu mkondo huo hubadilika upesi hivyo, hadubini inaweza kuonyesha atomi mojamoja. Nobeli ya fizikia ya mwaka 2025 nayo ilikwenda kwa John Clarke, Michel Devoret na John Martinis, kwa majaribio waliyoyafanya Berkeley katika miaka ya 1984 na 1985, yaliyoonyesha tukio hilohilo katika saketi ya umeme ambayo mtu anaweza kuishika mkononi. Kwa hiyo hatuzungumzii jambo la pembeni. Kila dereva wa bodaboda wa stendi ya Bukoba mwenye simu ya kisasa analo mfukoni.

Kiingereza kimelipa tukio hili jina la njia inayochimbwa chini ya mlima. Mtafsiri mwenye haraka ataandika handaki, na atakuwa amekosea mara mbili. Kosa la kwanza ni la kifizikia: hakuna kinachochimbwa. La pili ni la mahali. Nilikuwa na umri wa kwenda shule wakati wa vita vya Kagera vya 1978–1979, na nyumbani kwetu handaki lilichimbwa nyuma ya migomba. Kwa mtu wa kizazi changu kutoka mkoa huo, handaki ni shimo lenye udongo uliorundikwa pembeni, linalobaki likijaa maji ya mvua muda mrefu baada ya kazi yake kwisha. Sijaona neno lililo mbali zaidi na elektroni isiyoacha alama.

Kutoboa hakuna utetezi. Kupenya, hata hivyo, kunastahili kusikilizwa kabla ya kuhukumiwa. Ni kweli kwamba panya hupenya kwenye ufa na mtu hupenya katikati ya umati, na katika matumizi hayo pana uwazi uliokuwapo au unaotengenezwa. Lakini mwanga hupenya kioo, na redio ya jirani hupenya ukuta wa chumba chako saa sita za usiku, na asubuhi hutafuti tundu. Kumbe kitenzi hiki kina maana mbili, moja ya kitu na nyingine ya wimbi, na mwalimu wa Bukoba alikitumia kwa maana ya pili mbele ya wanafunzi walioisikia ya kwanza. Angetaja redio ya jirani, swali la tundu lingejibika palepale: ukuta ukiwa mnene zaidi, sauti hufifia zaidi.

Hata hivyo, mfano wa sauti nao una mwisho wake. Sauti hufika imepungua. Elektroni haifiki nusu. Ikiwa ng'ambo, iko nzima, na kilichopungua ni uwezekano wa kuwa huko. Hapa kupenya kunatuacha njiani kwa maana zote mbili.

Niongeze jambo moja kwa ajili ya haki ya yule mwanafunzi. Ukuta wa kadi ya kumbukumbu haubaki na tundu, lakini unachoka. Kila kufuta na kuandika upya huacha kasoro ndogondogo katika tabaka la kihami, na baada ya mizunguko mingi kadi hushindwa kutunza kitu. Swali lililochekwa lilikuwa karibu na ukweli wa kihandisi kuliko jibu lililolinyamazisha.

3.0 Njeo inayosimulia

Kamusi za istilahi hujengwa juu ya nomino, na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ni mwana wa utamaduni huo. Silaumu. Nomino ndiyo inayotafutwa kwanza na mwenye haraka. Lakini jaribio la kisayansi haliripotiwi kwa nomino, bali kwa kitenzi chenye njeo, nafsi na mnyambuliko, na hapo ndipo Kiswahili kinaposema mambo ambayo msemaji hakukusudia.

Nilirudia daftari langu. Mwalimu wa Bukoba, alipoulizwa afafanue, alisema: "Elektroni ikafika kwenye ukuta, ikapenya, ikatokea huku." Hiyo ni -ka- ya masimulizi, ile inayofunga tukio kwa tukio kwa mpangilio wa wakati. Uzuri wake katika hadithi ndio ubaya wake hapa. Sentensi inatupa msafiri, safari na sehemu ya katikati. Katika fizikia ya kwanta sehemu hiyo haipo kwa namna hiyo: jaribio linatuambia kilichopimwa upande huu na kilichopimwa upande ule, na halimruhusu mtu kudai kwamba elektroni ilionekana ikiwa njiani. Mwalimu wa Muleba alikwenda mbali zaidi kwa kutumia upatanisho wa viumbe hai, "anatoboa". Chembe yake ilikuwa na nia.

Sisemi kwamba -ka- haifai kwa sayansi. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, Tanga, aliona mchanganyiko wa aiskrimu uliowekwa ukiwa moto ukiganda kabla ya ule uliopoa. Makala aliyoyachapisha na Denis Osborne mwaka 1969 yanaanza kwa masimulizi yake mwenyewe, na anayetaka kuyaeleza kwa Kiswahili hana njia nzuri kuliko -ka-: wakachemsha, wakaweka, wakasubiri. Maziwa yana historia. Kila hatua iliweza kutazamwa. Inafurahisha kwamba jina lake sasa limeingia katika fizikia ya kwanta yenyewe, na mwaka 2024 watafiti wa Innsbruck waliripoti athari ya Mpemba ya kwanta katika ioni zilizonaswa. Anayeeleza majaribio hayo mawili kwa sarufi moja anapoteza la pili.

Pendekezo langu ni la kawaida mno, kiasi kwamba litawasikitisha wanaosubiri neno jipya. Tuna kitenzi kukuta, na tuna kauli yake ya kutendwa. Taarifa za polisi hukitumia kila siku: mtuhumiwa alikutwa na bangi. Hazisemi aliipataje. Zinasema ilikuwa wapi ilipotazamwa. Tuna pia hu-, kiambishi kisichobeba nafsi wala wakati maalumu, kinachofaa kwa jambo linalojulikana kwa kurudiwa mara nyingi. Ukiviunganisha unapata sentensi kama hii: elektroni hukutwa ng'ambo ya kizuizi, mara chache zaidi kadiri kizuizi kinavyozidi kuwa kinene. Hakuna msafiri humo, hakuna tundu, na uwezekano umekaa mahali pake, kwenye "mara chache zaidi". Kila neno lilikuwapo kabla ya elektroni kujulikana.

4.0 Kishawishi cha ka-

Baadhi ya wenzangu niliowaeleza haya waliona ni afadhali turudi kwenye nomino na tuanze na udogo. Walinikumbusha kwamba Kihaya kimehifadhi ngeli ya 12, aka-, ambayo Kiswahili Sanifu kimeipoteza. Msafiri katika Bukoba na Muleba huisikia sura yake kwenye majina: Kashozi, Kamachumu, Kagera yenyewe. Kiswahili Sanifu kimeitwisha ki- mzigo wote: udogo, vifaa, dharau, lugha. Tukisema "kichujio cha nano" kwa chujio la maji lililompatia Askwar Hilonga tuzo ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, msikilizaji hana namna ya kujua kama kidogo ni chujio au ni vitu vilivyomo ndani yake. Kwa nini basi tusikope ka- kama tulivyokopa ngeli?

Kinavutia, na mitaani ka- tayari inatumika bila kuomba ruhusa ya mtu. Lakini sikubaliani. Mto Kagera ndio unaoingiza maji mengi kuliko mito yote iingiayo Ziwa Viktoria, na ka- yake haijaupunguza. La msingi zaidi ni kwamba kipimo cha nano hakivutii wanafizikia kwa sababu ya udogo wenyewe. Kinawavutia kwa sababu vitu vikifika hapo hutenda kwa namna nyingine. Kiambishi cha udogo kingemwambia mwanafunzi kwamba elektroni ni kimpira kidogo sana, na kimpira, hata kiwe kidogo namna gani, hakitoki upande wa pili wa ukuta bila tundu. Tungerudi palepale.

5.0 Imekutwa na nani?

Kabla ya kuondoka Muleba nilimwomba mwalimu yule wa mazoezi, aliyenivumilia kwa adabu kubwa, arudie maelezo yake ya mionzi ya alfa kwa kutumia kukutwa badala ya kutoboa. Alikubali. Aliandika ubaoni: "Chembe ya alfa hukutwa nje ya kiini." Darasa lililokuwa kimya siku ile sasa lilinyanyua mkono mmoja. Msichana wa safu ya pili aliuliza: "Imekutwa na nani?"

Ni swali halali la kisarufi. Kauli ya kutendwa hufungua nafasi ya mtenda, na msemaji wa Kiswahili ana haki ya kudai ijazwe. Mwalimu alinitazama mimi. Nilijaribu kupatikana, kauli isiyodai mtenda, lakini neno hilo linanuka soko: sukari inapatikana, vyumba vinapatikana. Nilijaribu kuonekana, na mvulana mmoja akasema elektroni na alfa hazionekani, tulifundishwa hivyo kidato cha pili. Wanafizikia wenyewe wamebishana kuhusu nafasi ya mpimaji tangu enzi za Bohr na Einstein na hawajapatana, jambo ambalo nililijua kwa kusoma juujuu tu hadi siku hiyo. Nilimwambia yule msichana kwamba kitenzi chetu kimemfikisha mahali ambapo kutoboa kusingemfikisha. Aliandika kitu daftarini. Kengele ililia, na mwalimu akafuta ubao isipokuwa ile sentensi moja.