Kamera Isiyoona Nyekundu

Askari wa Kituruki aliyepigwa picha huko Krimea mwaka 1855 anaonekana amevaa kofia nyeusi. Daraja Takatifu la Nikko, Japani, katika picha za karne hiyo hiyo ambazo hazikupakwa rangi, nalo linaonekana jeusi kama lililopigwa lami. Picha zote mbili zinadanganya, tena kwa namna moja. Kofia ilikuwa tarbushi nyekundu, na daraja lilipakwa laka nyekundu inayowaka. Asiyejua picha hizi zilivyotengenezwa ataona giza ambalo halikuwepo.

Chanzo ni kemia. Mwaka 1851 Mwingereza Frederick Scott Archer alitangaza njia ya kolodioni bichi, na kwa miaka zaidi ya ishirini ndiyo iliyotawala kazi ya upigaji picha. Mpiga picha husugua bamba la kioo mpaka ling'ae, humimina juu yake kolodioni, yaani pamba iliyotiwa tindikali kisha ikayeyushwa katika etha na alkoholi pamoja na chumvi za iodini. Huliinamisha bamba huku na huku hadi utando ukae sawasawa, halafu hulizamisha katika maji ya nitrati ya fedha kwa dakika chache. Likitoka humo linaweza kunasa mwanga, lakini kwa muda ule tu ambao bado ni bichi. Kuliweka kwenye kamera, kupiga, kurudi mbio gizani na kulitia dawa ya kuitoa sura, yote hayo hufanyika kabla utando haujakauka. Ndiyo sababu mpiga picha Mwingereza Roger Fenton, alipokwenda kwenye Vita vya Krimea mwezi Machi 1855, alichukua mabamba 700 ya kioo na gari la farasi lililokuwa la muuza mvinyo, akaligeuza chumba cha giza cha magurudumu. Joto la kiangazi lilipoanza, utando ulikuwa ukikauka hata kabla hajamaliza kuutandaza, ikabidi kazi ya kutwa nzima ifinywe katika saa za mapema asubuhi.

Sasa tuje kwenye rangi. Iodidi ya fedha huathiriwa na mwanga wa buluu, wa urujuani, na ule wa urujuanimno usioonekana kwa macho. Mwanga wa kijani huigusa kidogo sana. Mwekundu haufanyi lolote. Kitu chekundu kikipigwa picha huacha kioo kikiwa kitupu mahali pake, kwa sababu hakuna fedha iliyogeuka. Kioo hicho kikilazwa juu ya karatasi na kuanikwa juani, jua hupenya pale palipo patupu na kuiunguza karatasi ikawa hudhurungi iliyokoza, karibu na nyeusi. Upande wa buluu mambo hugeuka: mbingu hulijaza bamba fedha mpaka lizibe, na kwenye karatasi mbingu hutoka nyeupe tupu bila wingu hata moja. Mlima Fuji uliofunikwa theluji, katika picha nyingi za zama hizo, karibu uyeyuke ndani ya mbingu iliyo nyeupe kama wenyewe.

Turudi kwa yule askari. Tangu Sultani Mahmud II alipolivunja jeshi la Janissari mwaka 1826 na kuunda jeshi jipya, askari wa Milki ya Osmani walivishwa koti la buluu iliyokoza na, muda mfupi baadaye, tarbushi nyekundu yenye kishada. Kwa jicho la mtu aliyesimama mbele yao, kofia ndiyo iliyong'ara na koti ndilo lililokuwa zito. Bamba la kolodioni liliona kinyume: buluu ya koti ilipanda ikawa kijivu, wekundu wa kofia ukazama. Hata kishada, kikiwa cha hariri ya buluu na hakijakoza sana, kinaweza kutoka chepesi kuliko kofia ambayo kinaning'inia juu yake. Hiyo ni alama ninayoipenda, maana humwambia mchambuzi mara moja ni bamba la aina gani lililotumika.

Kuna jambo zito zaidi ya kofia. Ngozi ya mtu aliyechomwa na jua ina wekundu ndani yake, na bamba huutia giza wekundu huo pia. Mikunjo ya uso hukaza na makovu hujitokeza. Askari waliokaa miezi katika mahandaki na upepo wa Bahari Nyeusi walitoka kwenye karatasi wakiwa wazee na wakali kuliko walivyokuwa. Ikiwa umewahi kuona nyuso za bashibuzuki, wale wapiganaji wa kujitolea wasio na sare, ukadhani ni watu wa kutisha, sehemu ya hofu hiyo ilitiwa na iodidi ya fedha.

Mkao wao nao una sababu yake. Muda wa kufungua lenzi ulikuwa sekunde kadhaa, pengine zaidi ya kumi kukiwa na mawingu. Anayetaka kutulia kwa muda huo hutafuta pa kuegemea. Mmoja amekaa chini, mwingine amekita kitako cha bunduki ardhini na kuishika kwa mikono miwili, wa tatu amemwekea mwenzake mkono begani. Wachambuzi wengine huona hapo udugu wa kijeshi. Mimi naona kwanza watu walioambiwa wasitikisike.

Daraja halihitaji kuambiwa. Labda ndiyo maana lilipendwa sana na wapiga picha wa Japani, na hapo anaingia mtu anayeziunganisha Uturuki na Japani kwa kamera yake mwenyewe. Felice Beato alianza kazi Istanbul pamoja na James Robertson, Mwingereza aliyekuwa mchongaji mkuu katika kiwanda cha sarafu cha Sultani, ambaye pia alimwoa dada yake Beato. Fenton alipoondoka Krimea katikati ya mwaka 1855, wawili hawa ndio walioendelea, wakapiga magofu ya Sevastopol baada ya mji huo kuanguka mwezi Septemba. Beato akaenda India, kisha China, na mwaka 1863 akafika Yokohama. Alikaa Japani zaidi ya miaka ishirini. Bamba alilolitumia huko lilikuwa la aina ile ile aliyojifunzia kwenye vita, na upofu wake ulikuwa ule ule.

Kilichobadilika kilikuwa mezani, baada ya picha kukauka. Studio ya Beato iliajiri mafundi wa Kijapani wa kupaka rangi kwa brashi juu ya karatasi ya albumini, ambayo uso wake ni ute wa yai uliokaushwa. Rafiki yake Charles Wirgman, mchoraji wa gazeti la Illustrated London News, alikuwa mshirika wake katika biashara. Kusakabe Kimbei, aliyepitia katika studio hiyo, alifungua ya kwake mwaka 1881, na albamu za Yokohama zikawa bidhaa ambayo kila msafiri alitaka kurudi nayo nyumbani.

Daraja Takatifu, kwa Kijapani Shinkyo, liliwapa mafundi hawa taabu kubwa kuliko picha nyingine. Lina urefu wa mita 28 juu ya mto Daiya. Mihimili yake imezamishwa ndani ya kingo za mawe na kushikwa na nguzo za mawe zenye umbo la lango la hekalu la Kishinto. Umbo lake la sasa lilianza mwaka 1636, na kwa karne nyingi watu wa kawaida hawakuruhusiwa kulipita. Mwanahistoria anayetaka watu katika picha za madaraja ya Kijapani aende kwingine: hapa hawakuwepo, na katika madaraja ya mjini waliovuka kwa haraka walifutika kwa sababu ya urefu wa muda wa kupiga. Mto wenyewe, ambao hupiga kelele ukipita chini ya mawe yale, umekuwa ukungu mweupe.

Taabu ilikuwa hii. Rangi za maji zinazopenyeza mwanga hufaa palipo peupe, kama kimono ya hariri, uso au mbingu. Ukiipaka nyekundu ya namna hiyo juu ya hudhurungi iliyokoza, haionekani. Kwa hiyo fundi alibaki na njia mbili. Ama aichape karatasi kwa mwanga mdogo ili daraja litoke kijivu, na hapo miti ya nyuma ingepauka pia. Ama atumie rangi nzito isiyopenyeza, iliyofunika kabisa kilichokuwa chini. Mara nyingi ndivyo ilivyofanywa, na jicho hulitambua hilo: wekundu wa daraja umelala juu ya picha, kingo zake zimenyooka mno, na vivuli vya kati ya mbao vimepotea. Hapo tunachotazama ni mchoro uliofuata mistari ya kamera. Picha za wachoraji wa Kijapani Hokusai na Hiroshige, zilizochapwa kwa mbao, hazikujua shida hii, kwa kuwa kila rangi ilikuwa na ubao wake.

Askari wa Kituruki walibaki na giza lao, kwa sababu Istanbul haikuwa na soko la kupaka rangi lililofanana na la Yokohama. Hata zile albamu 51 ambazo Sultani Abdulhamid II aliipelekea Maktaba ya Bunge la Marekani miaka ya 1890, zenye picha nyingi za wanafunzi wa vyuo vya kijeshi na vikosi vilivyopangwa mistari, zimejaa kofia nyeusi. Mabamba yalikuwa yamebadilika, sasa ni ya jelatini na hayakuhitaji ubichi, ila nyekundu ilikuwa bado haionekani. Anayepitia picha za zamani za Unguja akumbuke jambo hilo hilo: bendera ya Sultani wa huko ilikuwa nyekundu tupu.

Siku hizi programu za kompyuta hupaka picha hizi rangi kwa sekunde chache. Nyingi zinakisia rangi kutokana na kiwango cha kijivu na umbo la kitu, na kwa mabamba haya kijivu ni shahidi asiyeaminika. Kofia iliyotoka nyeusi hubaki nyeusi, au hupewa hudhurungi isiyokuwa ya jeshi lolote. Dawa yake ni ya kizamani: kwenda kwenye sare zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho ya kijeshi Istanbul, na kwa upande wa Nikko, kulitazama daraja lenyewe. Mafuriko ya mwaka 1902 yalilichukua, likajengwa upya mwaka 1904 kwa rangi yake.

Mabamba yanayoona rangi zote yaliingia sokoni mwaka 1906, kutoka kampuni ya Wratten & Wainwright ya Uingereza, lakini studio nyingi ziliendelea kwa miaka mingi na yale ya zamani. Bamba lisiloona nyekundu linaweza kusafishwa chini ya taa nyekundu, fundi akitazama sura inavyopanda na kulitoa kwenye dawa kwa wakati wake. Jipya liliona kila kitu, ikabidi ashike kazi gizani kabisa, kwa kuhesabu na kupapasa.