Renault 5 Turbo: Injini Kwenye Kiti cha Nyuma

Hebu fungua mlango wa nyuma wa Renault 5 Turbo. Buti huioni, kiti cha nyuma nacho hakipo. Pale ambapo Renault 5 ya kawaida hubeba watoto, imekaa injini. Mashabiki huisifia gari hii kwa farasi wake 160. Mimi naona wanasifia kitu kisicho chenyewe. Utamu wake uko kwenye mpangilio.

Renault 5 ya kawaida huvutwa na tairi za mbele. Ili kupata gari ya mbio, wahandisi waliirudisha injini katikati na kuzipa tairi za nyuma kazi ya kusukuma. Kwa nini? Shika vidumu viwili vya maji, nyoosha mikono, kisha jizungushe. Sasa vikumbatie kifuani, ujizungushe tena. Mara ya pili ni rahisi, kwa sababu uzito ulio karibu na mhimili haupingi sana kugeuka. Ndivyo gari hii inavyokata kona za mlimani. Ila wepesi huohuo una bei: ikianza kuteleza, nayo hujizungusha upesi, na dereva asiye makini atajikuta anatazama alikotoka.

Hata ukubwa wa injini ni hesabu. Kanuni za mbio ziliuzidisha ujazo wa injini za turbo kwa 1.4. Chukua sentimita za ujazo 1,397, zidisha: unapata karibu 1,956. Gari ikabaki daraja la chini ya lita 2. Ujanja mtupu, lakini halali!

Mwaka 1981 Jean Ragnotti alishinda nayo Monte Carlo. Tatizo ni kwamba kwenye mashindano hayohayo ilikuwepo Audi Quattro, inayosukumwa na tairi zote nne, na mbio zikaelekea huko. Kwa hiyo mrithi wake halisi, kwa maoni yangu, alizaliwa kwa jirani: Peugeot 205 Turbo 16, injini katikati na tairi nne zinazosukuma, bingwa wa dunia 1985 na 1986. Baada ya vifo vya 1986, magari ya kundi lile yakapigwa marufuku.

Sasa Renault imetangaza Turbo 3E ya umeme, magari 1,980 tu, yenye mota ndani ya magurudumu ya nyuma. Ule usubiri wa turbo, unakanyaga mafuta halafu nguvu inakuja baadaye, umekwisha. Safi. Lakini mota ndani ya gurudumu ni uzito ambao springi haziubebi, na kwenye njia mbovu gurudumu zito huchelewa kuifuata ardhi. Gari ya mwanzo ilikusanya uzito katikati. Hii imepeleka sehemu yake pembeni. Umbo imerithi, farasi imeongeza. Somo lenyewe, sijaliona.