Uhuru wa Taaluma katika Vyuo vya Umma: Kulisoma Upya Azimio la Dar es Salaam

Mwezi Aprili 1990 wawakilishi wa jumuiya za wanataaluma wa vyuo vya elimu ya juu nchini Tanzania walipitisha Azimio la Dar es Salaam kuhusu Uhuru wa Taaluma na Wajibu wa Wanataaluma kwa Jamii. Haukupita hata mwezi mmoja, serikali ikakifunga Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kufuatia mgogoro na wanafunzi. Novemba mwaka huohuo likafuata Azimio la Kampala, lililotolewa na wasomi kutoka sehemu mbalimbali za Afrika. Wanasheria wameyajadili sana maazimio haya. Sisi watu wa theolojia tumeyapita kana kwamba ni mambo ya nyumba ya jirani. Twaona kwamba yanatuhusu, na kwamba lile la Dar es Salaam lina upungufu ambao historia yetu wenyewe Walutheri yaweza kuuonyesha.

Kwanza tulitendee haki. Ubora wake umo katika jina lake: uhuru na wajibu havikutenganishwa. Mwalimu Nyerere, Rais wa nchi na tangu 1970 Mkuu wa Chuo hicho, aliwahi kuwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula. Asiporudi ni msaliti. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 walifukuzwa chuoni. Kwa kipimo cha mfano ule, adhabu yao ilionekana ya haki. Hatusemi mfano ni wa uongo, maana mjumbe yule ana deni kweli. Ila unanyamaza pale tunapouhitaji zaidi. Itakuwaje akifika mtoni na kukuta kivuko alichoelekezwa na wazee kimechukuliwa na mafuriko? Anawiwa kurudi na kusema hivyo, hata wazee wakikunja nyuso. Kusema kweli ni sehemu ya kulipa deni, nalo Azimio limeliona jambo hili vizuri kuliko mfano wa Mwalimu.

Upungufu wake ni huu: kwa jinsi tunavyolisoma, uzito wake mkubwa umeelekezwa kwa dola. Twaelewa sababu. Makamu wa kwanza wa Mkuu wa Chuo, Pius Msekwa, aliletwa mwaka 1970 kutoka uongozi wa TANU, na waandishi wa Azimio walikuwa wameishi miaka mingi chini ya chama kimoja. Lakini msomaji aweza kudhani kwamba dola ikiondoa mkono wake, uhuru umekwisha kupatikana.

Tutazame Wittenberg. Chuo kile kilianzishwa na mtawala Frederick mwaka 1502, nacho ndicho kilichompa Luther udaktari mwaka 1512. Mamlaka ya Kanisa yalipomtaka, mtawala yule, ambaye alikuwa bado mkusanyaji mashuhuri wa masalia ya watakatifu, alikataa kumtoa mwalimu wa chuo chake. Hapo dola ndiyo iliyomkinga msomi dhidi ya Kanisa.

Halle inatuumiza zaidi. Tunaiheshimu Halle kwa misheni na kwa malezi ya yatima, na ni haki. Lakini mwaka 1721 Christian Wolff, mwalimu wa hisabati na falsafa katika chuo kikuu hicho cha mfalme wa Prussia, alitoa hotuba kuhusu Wachina, akasema kwamba mafundisho ya Confucius yanaonyesha jinsi akili ya binadamu iwezavyo kufikia maadili mema bila ufunuo wa Kikristo. Wanatheolojia, wakiongozwa na Joachim Lange, hawakuridhika kumjibu kwa hoja. Malalamiko yalipelekwa hadi kwa mfalme. Inasimuliwa kwamba mfalme aliambiwa kuwa kwa falsafa ya Wolff askari mtoro hawezi kuadhibiwa, maana kutoroka kwake kulikuwa kumepangwa tangu awali. Hoja ya namna hiyo mfalme mpenda majeshi aliielewa upesi. Novemba 1723 Wolff alipewa saa 48 kuondoka, la sivyo angenyongwa. Akaenda Marburg.

Waliomshtaki hawakuwa watu waovu. Walikuwa wachaji waliofunga na kuomba, nao waliamini wanawalinda vijana. Ndiyo maana hatuwezi kuwaweka kando kama watu wa mbali. Ndugu wengine hutujibu kwa Warumi 13: chuo ni cha serikali, na mwenye mamlaka ana haki ya kuamua kinachofundishwa. Paulo anazungumzia utii na kodi. Hakumwambia mchungaji aazime upanga wa mtawala ili kumaliza mjadala aliouanza yeye. Mhadhiri wa chuo cha umma anapofundisha kuhusu Maandiko jambo linalotuudhi, nasi tukaandika barua kwa wizara badala ya kuandika makala, kalamu tuliyoishika ni ya Lange. Azimio la Dar es Salaam lingepaswa kututaja sisi pia.

Wolff aliitwa tena na mfalme mpya, Frederick II, akarudi Halle mwaka 1740. Lange alikuwa yu hai bado. Alifariki mjini humo mwaka 1744.