Ukiletewa Chembe za Majani Chai Zinazong'aa

Kichupa cha chembe za kaboni zilizopikwa kutokana na majani chai hung'aa samawati ukikimulika kwa tochi ya kukagulia noti bandia, na wageni hupiga makofi. Mjuzi hangoji makofi. Chembe hizi zimekusudiwa kuingizwa ndani ya kiumbe hai ili daktari au mtafiti aone njia ya damu, tezi au uvimbe bila kupasua, na kwa kazi hiyo kung'aa ndiyo sifa ya bei rahisi kuliko zote. Hata majani yaliyochunwa leo asubuhi Boito, huku Konoin, yanayo.

Usiamini maneno yangu. Twanga majani mawili na chipukizi lake, loweka kwenye spiriti, chuja, kisha mulika gizani. Kioevu cha kijani kitatoa mwanga mwekundu. Hiyo ni klorofili tu, hakuna fundi aliyeifanyia kazi. Basi ukionyeshwa chembe za chai zing'aazo nyekundu, swali la kwanza ni hili: klorofili iliondolewa vipi?

Samawati nayo ina mtego wake. Majani hupikwa na maji ndani ya chombo cha chuma kilichofungwa, kwa joto la nyuzi 200 hivi, saa kadhaa. Humo huzaliwa chembe za kaboni, lakini pia molekuli ndogondogo nyingi ambazo hung'aa zenyewe. Fundi mwaminifu huweka mchuzi huo katika mfuko wa utando wenye vitundu vidogo mno, akauacha majini na kubadilisha maji tena na tena. Mwombe akumulikie maji aliyomwaga. Yakiwa yanang'aa kuliko kilichobaki mfukoni, sifa zote alizokuwa akitoa ni za uchafu.

Halafu chunguza jina. "Za chai" hutajwa kwa vitu viwili tofauti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Swansea, wakishirikiana na wenzao wa India, walitangaza chembe zilizotengenezwa kwa maji ya majani chai, zikapenya seli za saratani ya mapafu na kuua hadi asilimia 80 kati yake. Habari tamu kwa mkulima. Ila kiini cha chembe zile kilikuwa kadimiamu na salfa. Jani lilisaidia tu kuziumba na kuzifunika. Kadimiamu ni sumu, na zile zilikuwa seli za maabara, si mwili mzima.

Nguvu ya mwanga hupimwa kwa kulinganisha na kwinini, dawa ileile ya malaria tunayoijua kwa uchungu, ambayo magome ya mti wake yamevunwa kwa miaka mingi Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kwinini ndani ya asidi hafifu ya salfa hurudisha takriban vipande 54 vya mwanga kwa kila 100 inavyomeza. Tarakimu ya chembe isiyotaja ililinganishwa na nini, mimi huiruka.

Lakini mwanga wa kwinini ni samawati, na samawati haifiki mbali mwilini. Bana taa ya simu kwa kidole uone: unaotokea upande wa pili ni wekundu peke yake, kwa kuwa damu imemeza rangi nyingine. Zaidi ya hapo, nyama yenyewe hung'aa samawati na kijani ikipigwa miale ya urujuanimno, ikafunika unachokitafuta. Kwa kiumbe hai dai mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 700 hadi 900, ambao jicho letu halioni vizuri au halioni kabisa. Chembe bora basi huenda isimpendeze mgeni hata kidogo.

Ukubwa ndio ninaoutilia mkazo kuliko yote. Mwaka 2007 kundi la watafiti wa Boston, akiwemo Moungi Bawendi aliyepata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, lilionyesha kwa panya kwamba chembe zenye kipenyo chini ya nanomita 5.5, pamoja na koti lake, hutoka kwa mkojo. Kubwa zaidi hukwama, hasa kwenye ini. Kipenyo kilichopimwa kwenye unga mkavu hakitoshi, maana ndani ya damu chembe hujivika maji na protini ikanenepa.

Ushahidi wa ndani ya viumbe hai upo kwa chembe nyingine, zisizo za chai. Mwaka 2002 chembe zilizofunikwa vizuri zilidungwa kwenye viinitete vya chura, navyo vikaendelea kugawanyika hadi viluwiluwi. Mwaka 2014 ikachapishwa taarifa ya wagonjwa watano wa saratani ya ngozi, Marekani, waliopewa chembe za silika zilizobeba rangi. Chembe za chai hazijafika hapo. Kwa sasa nazipa alama nzuri darasani na kwenye seli za maabara.

Muuzaji akikuletea picha ya kichupa kinachong'aa, mwulize ni kiasi gani kilitoka kwenye mkojo wa panya, na kiasi gani kilibaki kwenye ini. Akikosa jibu, usinunue.