Nani Alisema Mwisho Ndani ya Vim?

"Vim inapuuza .vimrc yangu." Malalamiko haya huja na faili iliyoandikwa vizuri tu: filetype plugin on, kisha set shiftwidth=2 na set tabstop=2. Mtu anafungua faili ya Python na mstari unajongea nafasi nne. Anahifadhi upya, anafunga, anafungua tena. Nne.

Kabla ya kugusa chochote, iulize programu yenyewe. Amri ya :scriptnames huorodhesha faili zote za amri ambazo Vim imezisoma, kwa mfuatano wake. Ikiwa .vimrc haimo, kosa ni la mahali au jina, na :version itakuonyesha inakotafutwa. Pengine uliyoifungua ni Neovim, ambayo hutazama ~/.config/nvim. Pengine Notepad ya Windows ilibandika .txt mwishoni mwa jina. Au umeanza na sudo, na HOME imekuwa ya root. Hapo tumia sudoedit, inayohariri nakala kwa akaunti yako na mipangilio yako. Kwa maoni yangu, faili za mfumo zingepaswa kuhaririwa hivyo siku zote.

Katika kisa chetu, .vimrc imo kwenye orodha. Imesomwa, basi kinachotafutwa ni aliyesema baada yake. Andika :verbose set shiftwidth? pamoja na alama ya kuuliza. Jibu ni 4, na chini yake njia ya faili iliyoiweka mara ya mwisho: ftplugin/python.vim, iliyokuja na Vim yenyewe.

.vimrc husomwa mara moja, Vim inapoanza. Faili za ftplugin husubiri hadi aina ya faili itambuliwe, na aliyezikaribisha ni mwenye .vimrc, kwa ule mstari wake wa kwanza. Ile ya Python hufuata PEP 8, mwongozo wa mtindo wa Python: shiftwidth 4. Ndiyo maana kuhamishia mistari yako mwisho wa .vimrc hakubadilishi kitu. Wengine huzima ftplugin zote, yaani kubomoa nyumba kwa sababu ya mende.

Waweza kuuzima mtindo huo kwa kuandika let g:python_recommended_style = 0 ndani ya .vimrc. Mimi napendelea kuunda ~/.vim/after/ftplugin/python.vim, kwani saraka ya after husomwa baada ya zile za Vim, na mbinu hiyohiyo hufaa kwa lugha nyingine yoyote. Humo tumia setlocal. Ukiandika set, thamani itahamia kwenye faili nyingine utakazofungua baadaye.

Uchunguzi huu una sharti moja. Kwenye Debian na Ubuntu, pasipo kifurushi kamili, anayeitika vi ni vim-tiny, iliyojengwa bila kipengele cha eval. Humo :scriptnames haifanyi kazi, :verbose haitaji faili, na kila kilicho kati ya if na endif katika .vimrc hurukwa kimyakimya. Ukiona -eval kwenye :version, sakinisha vim kwanza.