Coffy: Bunduki ya Mwanamke, Kamera ya Bepari

Mwaka 1973 kampuni ya American International Pictures ya Marekani ilitoa filamu iitwayo Coffy, iliyotengenezwa haraka na kwa fedha kidogo ili kuwauzia watu weusi wa mijini damu na miili. Filamu za namna hiyo husahauliwa upesi. Hii haikusahauliwa, inao wapenzi mpaka leo, na husifiwa kwamba ilimpa mwanamke mweusi nafasi yake. Tulipoionyesha darasani, wanachuo wetu wengi waliikubali sifa hiyo bila ya swali. Ndiyo maana tunaandika.

Coffy, anayechezwa na Pam Grier, ni muuguzi wa hospitali. Mdogo wake wa kike wa miaka 11 ameharibiwa na madawa ya kulevya. Basi anachukua bunduki na kuwaandama wauzaji, kuanzia vibarua wa mtaani mpaka bwana mkubwa Vitroni. Hangoji mwanamume aje kumwokoa. Katika Shaft ya 1971 na Super Fly ya 1972, mwanamke mweusi alikuwa zaidi pambo la shujaa. Hapa yeye ndiye shujaa, na tungekuwa wanafiki kukana kwamba hiyo ni hatua.

Lakini hatua ya kwenda wapi? Kila anapotaka kumfikia adui hana budi kwanza ajifanye kahaba. Katika karamu moja anapigana kwa nguvu zote, na anaopigana nao ni wanawake wenzake, wanaonyonywa na kuwadi mmoja, King George. Kamera haina habari na unyonge wao. Inafuata nguo zinazochanika. Mwenye kamera ni nani? Mwandishi na mwongozaji, Jack Hill, ni mzungu, na kampuni ilikuwa mikononi mwa wazungu. Mwaka 1972 Junius Griffin, wa tawi la Hollywood la chama cha NAACP, alizipa filamu hizi jina lililounganisha maneno mawili, weusi na unyonyaji. Alijua asemalo.

Baadaye Coffy, akiwa amekamatwa, anasingizia kwamba King George ndiye aliyemtuma. Majambazi wa kizungu wanamfunga kuwadi huyo kamba shingoni na kumburuta kwa gari mpaka afe. Tunamchukia kuwadi kama mtu mwingine yeyote. Hata hivyo, mtu mweusi anauawa kwa kamba, kifo walichokitumia wabaguzi wa Kusini mwa Marekani dhidi ya babu zake, na filamu inataka tufurahi! Baadhi ya wanachuo walicheka. Sisi tulisimamisha filamu.

Sehemu iliyo bora ni ile ya Howard Brunswick, mpenzi wa Coffy, diwani mweusi anayegombea kuingia katika Bunge la Marekani. Hadharani anawalaani wenye madaraka wa kizungu wanaowatia watu wake sumu. Faraghani ni mshirika wao. Anapofichuliwa anajitetea kwamba weusi watanunua madawa hayo kwa vyovyote vile, heri basi sehemu ya fedha na madaraka ije kwao. Hapo filamu hii ya bei rahisi inawapita wengi wanaohesabu leo sura nyeusi ngapi zimeonekana, za kike ngapi na za kiume ngapi. Inaonyesha kwamba tabaka la vibaraka huzungumza kwa lugha ya ukombozi, na huizungumza vizuri.

Coffy anamsikiliza, na bunduki yake inalegea. Tulitazamia amjibu, maana yeye ni mfanyakazi aliyewaona walioathirika hospitalini na ana mdogo wake aliyeharibika. Hajibu neno. Mwanamke wa kizungu anatokea chumbani bila nguo, na hapo ndipo Coffy anapofyatua. Hoja ya kisiasa, iliyo nzito kuliko zote katika filamu, imejibiwa kwa wivu. Wenye filamu walikuwa radhi kumkabidhi mwanamke mweusi bunduki, lakini hawakuwa radhi kumkabidhi sababu.