Bibi Anaposaini Hospitali: Hati ya Idhini Inavyoandaliwa

Tuchukue mfano wa familia ya Tanga. Mama amepata kazi Muscat, baba alishafariki, na mtoto wa miaka 6 anabaki kwa bibi mzaa mama. Homa na kikohozi havileti tabu. Bibi humbeba mjukuu hadi zahanati na kurudi na dawa. Tabu huanza siku daktari anaposema mafindofindo yakatwe. Fomu ya ridhaa ya upasuaji inataka saini ya mzazi au mlezi, na muuguzi anauliza: “Bibi, una karatasi yoyote kutoka kwa mama yake?”

Wengi hapo hukimbilia kwa wakili na kurudi na kiapo cha bibi: “Mimi ndiye ninayemlea mtoto huyu.” Kosa liko hapo. Kiapo hueleza jambo lilivyo. Hakimpi aliyeapa mamlaka ambayo hakuwa nayo. Kule California, Marekani, kiapo cha namna hiyo hufanya kazi kwa sababu Sheria ya Familia ya jimbo hilo, kuanzia kifungu cha 6550, inampa ndugu anayeishi na mtoto uwezo wa kuridhia matibabu kwa fomu aliyoisaini mwenyewe, hata pasipo saini ya mzazi. Kwetu Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inaanza na mzazi: kifungu cha 9 kinamtaka ahakikishe kwamba asipokuwepo kwa muda, mtoto anatunzwa na mtu anayefaa. Basi hati ya bibi wa Tanga lazima itoke kwa mama, na iandikwe kabla hajapanda ndege.

Kwanza ni majina. La mama lifuate cheti cha kuzaliwa cha mtoto, maana hicho ndicho kinachothibitisha uzazi wake. La bibi lifuate kitambulisho chake cha NIDA, hata kama mtaa mzima unamwita Bi Mkubwa. Herufi moja ikipishana, mapokezi watasita.

Pili ni madaraka, na hapa ndipo hati nyingi hulegea. “Nampa ruhusa ya kufanya lolote” ni maneno mapana yasiyomsaidia mtaalamu wa usingizi. Mama ataje: vipimo, chanjo, kulazwa, dawa, kuongezewa damu, upasuaji na nusukaputi. Kisha aweke mpaka. Kwa upasuaji wa kupangwa, apigiwe simu kwanza. Asipopatikana ndani ya saa 24, bibi aamue. Sharti hilo linamlinda mama asishtukizwe, na linamlinda bibi asije akalaumiwa na ukoo.

Tatu ni muda. Hati ianze na kwisha kwa tarehe zinazojulikana, kwa mfano kulingana na mkataba wa kazi, na iseme kwamba mama anaweza kuifuta kwa maandishi wakati wowote.

Nne ni saini, na sasa kiapo kinapata nafasi yake. Mama aape kwamba yeye ndiye mzazi na kwamba baba amefariki, kisha aambatishe cheti cha kifo. Kamishna wa viapo aandike jina lake, mahali na tarehe ya kuapisha. Kiapo kisicho na hayo kina kasoro kisheria.

Hati iandikwe kwa Kiswahili. Tangu marekebisho ya 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na mahakama Tanzania, na muuguzi wa zamu ya usiku ataisoma bila mkalimani. Habari za afya, kama mzio, selimundu au dawa anazotumia mtoto, zikae kwenye karatasi ya pembeni, kwa kuwa hubadilika na si kila mtu anapaswa kuziona.

Hati hii ina mipaka yake. Mzazi akiwa hajulikani aliko, hakuna wa kuisaini. Hapo bibi aanzie kwa afisa ustawi wa jamii, na kifungu cha 37 cha Sheria ya Mtoto kinamruhusu ndugu anayemlea mtoto kuomba mahakamani akabidhiwe malezi yake. Na mtoto akivunjika mguu leo usiku, bibi asirudi nyumbani kutafuta bahasha yenye hati. Kifungu cha 8 cha sheria hiyo kinakataza mtu yeyote kumnyima mtoto matibabu. Amfikishe hospitali kwanza. Bahasha ataileta jirani.